Rangi ya chumba cha mtoto, nyumba ibaki na mvuto

Usipake chumba kizima. Chukua rangi iliyopo tayari sebuleni, tuseme kijani cha mito ya kochi, uipake ukuta mmoja tu, nusu ya chini, kama sentimita 110 kutoka sakafuni. Kuta nyingine ziwe nyeupe ya maziwa. Mstari uchore kwa pima maji, kifaa cha kupima usawa, usifuate sakafu; sakafu nyingi zimeinama kidogo.

Tumia rangi ya maji isiyo na harufu kali, mikono miwili, yaani tabaka mbili, mkono wa kwanza ukauke kabisa. Utepe wa karatasi uliobandikwa kwenye mstari ili kulinda ukingo ubandue mkono wa pili ukiwa bado mbichi, taratibu, ukiuvuta kimshazari. Ukingoja ukauke, rangi hubanduka nao na ukingo unabaki na meno. Madirisha yawe wazi siku kadhaa kabla mtoto hajalala humo.