Kuchagua kifaa cha kuzuia wizi wa gari: hatua ninazofuata gereji

Mteja akija na boksi la alamu alilonunua mtandaoni, kabla sijalifungua namuuliza gari linalala wapi. Hapa Tabora, IST inayolala ndani ya geti na Hiace inayolala stendi ikisubiri abiria wa alfajiri wa Nzega hazihitaji kifaa kimoja.

Hatua ya 1: Jua unazuia nini
Kama hofu yako ni vioo vya pembeni na betri, traka haikusaidii kitu. Itakuonyesha gari lipo palepale, bila vioo. Weka king'ora chenye kihisi cha mtikisiko, na kufuli la boneti. Ukiogopa gari kuondoka lote, tafuta kwanza cha kulizuia lisiwake, traka ije baadaye.

Hatua ya 2: Chagua pa kukata
Kifaa cha kulizuia gari lisiwake kinafanya kazi kwa kukata umeme wa sehemu fulani. Gari la otomatiki, kikate waya wa starta (mota inayozungusha injini iwake). Halisukumwi likawaka, kwa hiyo mwizi anabaki kuzungusha ufunguo tu. La gia za mkono usidanganyike: watu wawili wakilisukuma kwenye mteremko, linawaka bila starta. Hilo kata umeme wa pampu ya mafuta. Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ nayo ni habari nyingine, unakatia umeme solenoidi (vali ya umeme inayofungulia dizeli) iliyo kwenye pampu ya nozeli. Anayekwambia kifaa chake kinafungwa magari yote kwa waya uleule, muage kwa heshima.

Kifaa kinachozima injini gari likiwa kwenye mwendo sikifungi, hata ukiniongezea hela. Usukani unakuwa mzito, breki inakuwa ngumu ukishakanyaga mara mbili tatu, na anayevuka barabara mbele ya gari hilo hajaiba kitu.

Hatua ya 3: Pima umeme kinaokunywa
Hapa nilishaaibika. Nilimfungia mzee mmoja traka ya bei rahisi kwenye Noah yake, akapanda treni kwenda Kigoma kuuguza. Kurudi baada ya wiki tatu, anazungusha ufunguo, hata taa za dashibodi haziwaki. Mita ikasoma miliampia 100 gari likiwa limezimwa. Piga hesabu: hizo ni Ah 2.4 (ampia-saa, kipimo cha umeme betri inaotunza) kwa siku, na betri ya NS60 yenye Ah 45 inamalizika kama siku ya 19. Siku hizi naunga mita kwenye njia ya hasi ya betri, nafunga milango, nasubiri nusu saa gari litulie. Jumla ikizidi miliampia 50, na bila kifaa ilikuwa chini ya hapo, kifaa kinarudi kwenye boksi.

Hatua ya 4: Traka na laini yake
Laini isajiliwe kwa alama zako za vidole, si za fundi. Badilisha nywila siku hiyohiyo, maana traka nyingi za bei nafuu zinatoka kiwandani na 123456. Chagua yenye betri yake ya ndani, na inayohifadhi alama za njia pasipo na mtandao halafu ikazituma ikiupata. Ukienda Sikonge utanielewa.

Hatua ya 5: Mhoji fundi
Muulize anaungaje waya. Akikuambia anasokota na kuzungushia tepu, mwache. Joto la Oktoba linalainisha gundi, tepu inaachia, na siku unayowahi msibani gari linagoma. Achomelee kwa risasi ya kuungia waya, atumie rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya ampia 40, na waya wa rangi moja na zile za gari. Swichi ya siri, ile iliyofichwa ya kuruhusu gari liwake, aifunge mkiwa wawili tu. Ikijulikana na msaidizi wake na muosha magari, hiyo ni swichi ya kawaida. (Hata mimi nifukuzie vijana wangu nje.)

Kabla hujalipa, jaribu kuliwasha mara tatu kifaa kikiwa kimefunga, mara tatu kikiwa kimeachia. Liache usiku kucha, asubuhi pima betri kabla hujagusa ufunguo. Ikiwa jioni ilisoma volti 12.6 na sasa iko chini ya 12.4, lirudishe gereji na risiti yako.