Boti yako haina namba? Hivi ndio unaiandikisha Bukavu

Kama uko na boti ya mbao ao pirogi ya motere ku Ziwa Kivu na bado haina namba ya serikali, usingoje siku banakushika ku bandari ndio uanze kukimbizana na fotokopi. Dosye inapelekwa ku Commissariat Lacustre, ofisi ya serikali yenye kuchunga mambo ya boti ku ziwa, na kitu cha kwanza banataka kujua pale ni hii boti ni ya nani.

Hapo ndio batu mingi banakwama. Boti iliuzwa kwa neno tu, ao fundi aliijenga akalipwa kidogo kidogo, karatasi hapana hata moja. Rudi kwa ule alikuuzia, ao kwa fundi, muandike karatasi: majina, urefu wa boti, mwaka ilijengwa, bei, mashahidi wawili, kila mtu atie saini. Kama ni ya ndugu watatu, muandike wote watatu, maana mmoja akifariki na jina lake ndio liko peke yake, wajane watateseka bure.

Motere pia iko na karatasi yake, chunga fakture. Namba yake uisome wewe mwenyewe, iko ku kibati kidogo pale motere inabanwa nyuma ya boti, na mara mingi mafuta yameshaifunika. Sugua na kitambaa chenye petroli kidogo, piga picha, kisha ndio uandike, sababu 8 na B zinafanana sana kibati kikichakaa.

Barua ya maombi iwe ya Kifaransa, fupi: jina la boti, bandari yake, kazi yake. Weka fotokopi ya carte d'électeur (kadi ya mpiga kura) na picha za boti. Fanya kopi mbili, moja bakupigie kashe kwamba bameipokea, na hiyo uichunge kama mboni ya jicho.

Sasa kupima, banaita jaugeage. Boti iwe tupu, maji yote yametolewa, mbao za chini zionekane, na wewe uwepo ushike mwisho wa meta. Tani zenye bataandika si uzito, ni nafasi ya ndani, tani moja ni mita za ujazo 2.83, kwa hiyo ukiona tani 10 ku karatasi usifikiri ni tani 10 za makala. Na tafadhali ndugu yangu, usimubembeleze mpimaji akuongezee abiria. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya kutoka Minova ilizama karibu na Kituku, pale Goma, batu banaiona kutoka ufukoni, ilikuwa imejaa kupita kiasi. Kila kiti cha uongo ku karatasi ni mtoto wa mtu ndani ya maji.

Pesa usipe mtu mkononi, hata akisema atakusaidia dosye itembee mbio. Omba note de perception, ile karatasi ya serikali yenye kuonyesha pesa ya kulipa, lipa mahali imeonyesha, rudisha bordereau (karatasi ya kuhakikisha umelipa), ubakie na kopi.

Ukipata namba usione umemaliza, ile haikupe ruhusa ya kubeba batu. Certificat de navigabilité, ile ya kuonyesha boti iko nzima ya kusafiri, ni karatasi ingine, iko na tarehe ya kuisha, na pale bataangalia kama mbao ziko nzima na kama kila abiria ana gile yake ya kuelea ku maji. Namba yenyewe upake rangi mbele, pande zote mbili, juu kabisa mahali maji na magunia haviwezi kuifunika.