Namna ya Kumsaidia Mkulima Mdogo Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa

Serikali ya Uganda iliposimamisha usafiri wa umma mwezi Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kuthibitishwa nchini, mvua za msimu wa kwanza zilikuwa zimeshaanza na wakulima wengi walikuwa katikati ya kupanda. Masoko ya vyakula hayakufungwa, na malori ya mizigo yaliendelea kupita. Lakini mkulima wa nusu ekari hana lori, na mchuuzi aliyezoea kumfuata shambani kwa taksi hakuweza tena kufika. Hali kama hiyo ilirudi Oktoba 2022, wilaya za Mubende na Kassanda zilipofungwa kwa sababu ya Ebola, na zuio likadumu hadi katikati ya Desemba. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mkulima aanze kwa kuuliza mazao yatapita njia gani hadi yamfikie mlaji, na ni nani atakayetoa fedha kabla msimu wa kupanda haujapita. Suala la zawadi na misaada linaweza kungoja.

Hatua ya kwanza ni kumjua mkulima wako mapema, wakati njia zingali wazi. Chukua namba ya simu ya mtu anayekuuzia matoke au nyanya, na ikiwa yeye ni mchuuzi, mwombe akuunganishe na mkulima anakonunua, na mchuuzi huyo umhesabu kuwa mshirika, kwa maana ndiye anayejua barabara, bei na watu. Kisha kusanya majirani. Familia moja haiwezi kulipia safari ya gari dogo kutoka Luweero au Mukono hadi Kampala, lakini familia kumi au kumi na tano za mtaa mmoja zinaweza, na mkulima anapopata oda moja kubwa ya kila wiki anajua avune kiasi gani na aache kiasi gani shambani. Mchagueni mtu mmoja wa kupokea oda, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ajulishwe, kwa sababu wakati wa zuio yeye ndiye huulizwa gari lile limeleta nini na kwa nani.

Katika kuagiza, tangulizeni kinachooza. Maziwa yasiyopoozwa hayavuki siku. Nyanya zilizoiva, mboga za majani na matunda hungoja siku chache tu. Mkungu wa matoke uliokatwa ukiwa mbichi huvumilia kidogo zaidi. Muhogo una tabia yake: ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu, ilhali ukibaki ardhini unaweza kungoja kwa miezi, na viazi vitamu navyo vinaweza kuchimbwa kidogo kidogo. Mkulima analijua hilo kuliko sisi, lakini mwenye haja ya fedha huweza kuchimba vyote kwa pamoja, na oda ya uhakika ndiyo inayompa nafasi ya kusubiri. Mahindi na maharage yaliyokaushwa vizuri yanaweza kukaa ghalani, kwa hiyo hapo msaada bora mara nyingi ni turubai za kuanikia na magunia mazima, ili nafaka ikauke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi na isishikwe na sumukuvu.

Bei ikubaliwe kwa kilo au kwa kasha kabla gari halijaondoka, na isiwe bei ya kumkomoa mtu kwa kuwa soko lake limefungwa. Mkilipa kwa simu, ongezeni ada ya kutoa fedha kwa wakala pamoja na kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa mtu anapotoa, kwa sababu vinginevyo mkulima hupokea pungufu ya bei mliyoahidi. Mwaka 2020 bodaboda zilikatazwa kubeba abiria lakini ziliruhusiwa kubeba mizigo. Ukikuta ruhusa ya aina hiyo, mpe kazi hiyo kijana wa bodaboda wa mtaani kwako, ili naye apate riziki.

Makabidhiano yafanyike nje, mahali pa wazi, bila msongamano. Dereva ashushe makasha chini ya mti au barazani na kurudi nyuma. Mpokeaji apime kwa mizani, aandike uzito, atume malipo, kisha kila mmoja anawe mikono kwa maji na sabuni. Makasha matupu yasuguliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla ya kurudishwa. Usimtembelee mkulima shambani kwa nia ya kumfariji. Simu inatosha, na ziara yako inaweza kuwa ndiyo inayopeleka ugonjwa.

Ebola inahitaji maneno yake yenyewe, maana nayo huleta unyanyapaa unaoumiza hata wasiougua. Ugonjwa huu huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mwili ya mgonjwa au ya aliyefariki, au vitu vilivyochafuliwa nayo. Kukataa maharage makavu kwa sababu tu yametoka wilaya fulani ni kumwadhibu mtu asiye na kosa. Nunua kupitia njia ambazo Wizara ya Afya na kikosi kazi cha wilaya cha kupambana na mlipuko wameziruhusu, na ukisikia mtu akieneza uvumi sokoni, mweleze kwa upole.

Kaya iliyowekwa karantini ndiyo inayosahaulika zaidi. Waliokutana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku 21, na siku hizo zikiangukia wakati wa palizi, magugu huyazidi maharage na mahindi machanga, na mavuno hupungua hata kama hakuna mtu aliyeugua katika nyumba hiyo. Kikundi chenu kinaweza kulipa vibarua wa kijiji hicho hicho wapalilie shamba bila kuingia uani, wakitumia majembe yao wenyewe, baada ya timu ya afya ya kijiji kuridhia. Naamini hakuna shilingi inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Kanisa, msikiti au shule inayotaka kugawa chakula isikimbilie jumla mjini kabla ya kuuliza chama cha ushirika cha wakulima kilicho karibu. Mgao wa serikali wa Aprili 2020 katika Kampala na Wakiso ulikuwa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, yaani vyakula ambavyo wakulima wetu wadogo hulima kila msimu. Ugawaji wenyewe upitie kwa kikosi kazi, nyumba kwa nyumba, pasiwe na umati.

Mwisho, lipeni sehemu ya mavuno yajayo mapema. Upandaji wa msimu wa pili huanza kuanzia Agosti katika maeneo mengi, na fedha ya mbegu huhitajika wiki kadhaa kabla ya hapo. Andikeni makubaliano mafupi ya kiasi cha fedha, zao na mwezi wa kuvuna, kila upande ubaki na nakala, na muelewane tangu mwanzo kwamba mvua ikikosekana hasara mtaigawana.