Namna ya Kuishabikia Bendi Iliyosema La

"La" ya Liverpool si "la" yetu. Nilichelewa kulijua hilo. Mwaka 2006 nilikuwa nafanya zamu ya usiku katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee mjini humo, na dereva aliyeleta mikate alfajiri alikuwa hamalizi sentensi bila kutia "la". Ananipa trei, la. Namuuliza kama mvua imekatika, anajibu kitu kirefu, kisha la. Kwa wiki mbili nzima niliamini mtu huyu ananikatalia kila jambo. Kumbe wenyeji wakimwita mwanamume mwenzao hulifupisha neno lao la "kijana" likabaki silabi hiyo moja. Nilipomweleza maana yake kwa Kiswahili alicheka mpaka akaegemea mlango wa friji. Akaenda garini, akarudi na kaseti. "Basi hawa ni wa kwenu," akaniambia.

Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: The La's, bendi ya hukohuko Liverpool. Upande wa kwanza albamu yao, na wa pili nyimbo zilezile zikiwa zimerekodiwa ovyo zaidi. Nikauliza albamu nyingine ziko wapi. Akasema hakuna, ni hiyo tu, na mwimbaji mwenyewe haipendi.

Ukitaka kuingia katika ushabiki huu, ingia kwa mlango huo: albamu moja, na mwenyewe haitaki. Usianze na "There She Goes". Huo utakuwa umeshausikia mahali, pengine ulioimbwa na Sixpence None the Richer, Wamarekani waliourudia na kuupeleka kwenye chati mwaka 1999. Anza wimbo wa kwanza, "Son of a Gun", uende hadi wa 12 bila kuruka. Ni dakika 35 hivi, hazikumalizi. "There She Goes" utaukuta ni wa tano, na ukiukuta mahali pake utaona kitu: hauna beti kama nyimbo nyingine. Ni kiitikio kinachorudi na kurudi, katikati kuna daraja moja, yaani kipande kifupi cha kuvukia, basi. Mimi niliupenda zaidi baada ya kujua hivyo, kama mtu anayegundua kwamba nyumba nzuri aliyokuwa akiipita kila siku ni chumba kimoja tu.

Wa mwisho, "Looking Glass", unakaribia dakika 8. Unaanza kwa uchovu halafu unaongeza mwendo hadi unakimbia. Usiusikilize ukiwa na sufuria ya mafuta mkononi. Nasema kwa uzoefu.

Ukimaliza, hapo ndipo ujue kisa, si kabla. Mike Badger aliianzisha bendi mwaka 1983. Mwaka uliofuata akaingia Lee Mavers, ambaye nyimbo zake ndizo zilizokuja kuibeba. Badger akaondoka, akaja John Power kwenye gita la besi. Mwaka 1987 Go! Discs, lebo yaani kampuni ya kutoa santuri, ikawasaini, na kuanzia hapo ni studio moja baada ya nyingine. Mtayarishaji John Porter alijaribu kuwarekodi. John Leckie alijaribu. Mike Hedges alijaribu mwaka 1989, na wengi wetu tunaamini yeye alikaribia zaidi. Kila mara Mavers alisikiliza akasema siyo hii. Wapiga gita na wapiga ngoma walikuja na kuondoka. Mwishowe akaitwa Steve Lillywhite, kazi ikaanza Desemba 1989, nayo pia ikakwama. Safari hii lebo, ambayo ilikuwa imeshamwaga fedha nyingi, haikungoja tena. Ikamwachia Lillywhite aunganishe kilichokuwapo, na Oktoba 1990 albamu ikatoka. Ilifika nafasi ya 30 kwenye chati ya Uingereza. Wakosoaji waliisifu. Mavers, mbele ya waandishi wa habari, aliifananisha na nyoka aliyevunjika mgongo.

Wahenga walishasema mkataa pema, pabaya panamwita. Nilimtupia dereva methali hiyo asubuhi moja naye akaifikiria kwa muda mrefu akikunja trei zake. Akajibu kwamba tatizo ni kuwa Mavers alikuwa sahihi. Sikumwelewa mpaka nilipougeuza upande wa pili wa kaseti.

Hii ndiyo sehemu ya mwongozo ninayotaka uikazie. Ushabiki wa The La's ni ushabiki wa kulinganisha. Chagua wimbo mmoja, mimi nakushauri "Doledrum" au "Way Out", kisha utafute namna tatu ulivyorekodiwa. Namna ya kwanza ni ya albamu. Ya pili ni ya Hedges, ambayo imo katika toleo la CD mbili lililotoka mwaka 2008. Ya tatu ni ya redioni: rekodi walizofanyia BBC zilikusanywa na kutolewa mwaka 2006. Usizisikilize kama mtu anayetafuta mshindi. Mara ya kwanza fuata gita la akustika peke yake, mkono unavyokwangua nyuzi. Mara ya pili fuata besi. Mara ya tatu sauti: wapi Mavers anaimba kwa koo, wapi anaimba kama mtu anayeita mtaani. Baada ya usiku mmoja wa hivyo utarudi kwenye albamu na kusikia kuwa imepigwa pasi kidogo, mikunjo imetoka. Hakuna ubaya. Ila sasa unajua ilikuwa na mikunjo.

Wakikuambia kuwa Mavers alikataa meza ya kuchanganyia sauti kwa sababu haikuwa na vumbi halisi la miaka ya 60, cheka, usibishane. Hadithi hiyo husimuliwa kila mahali, na kila msimulizi anaongeza vumbi lake.

Kuhusu santuri. Ukitaka ya zamani, jifunze namba za toleo. "There She Goes" ya mwaka 1988, ile iliyoishia nafasi ya 59, ina namba GOLAS 2. Iliyotoka upya mwaka 1990 na kupanda hadi 13 ni GOLAS 5. Wauzaji wengine huandika tu "ya kwanza" na kungoja asiyejua. Mmoja wao alinikuta mimi. Kabla ya kulipa, itoe kwenye jalada, ilaze chini ya taa na kuiinamisha polepole. Mikwaruzo myembamba ya juujuu haina neno. Mkwaruzo unaoukamata kwa ukucha utausikia milele. Tazama na tundu la katikati: likizungukwa na michirizi mingi, ujue ilipachikwa na kuchomolewa mara nyingi, tena na mikono isiyo na subira. Nusa jalada pia. Harufu ya unyevu haitoki.

Mwenye gita atapata raha ya ziada, maana "There She Goes" unashikwa kwa G, D na C kwa sehemu kubwa, na A ndogo ikiingia. Wiki moja inatosha kuupiga. Kuupiga usikike mwepesi ni jambo lingine, bado nalitafuta.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mavers ni mtoto wa Huyton, pembeni mwa Liverpool. Baada ya Power kuondoka mwishoni mwa 1991 na kwenda kuunda bendi ya Cast, Mavers alinyamaza, akitokeza mara chache sana. Mwaka 2005 walirudi jukwaani pamoja, hadi tamasha la Glastonbury, kisha kimya tena. Nilikuwa nimekosa yote hayo kwa mwaka mmoja, na lilinikereketa. Kwa hiyo siku moja ya mapumziko nilipanda basi kwenda Huyton. Sikuwa na anwani. Nilikuwa na kaseti mfukoni na dhana kwamba nitamwona dukani, nitamsogelea, na kumwambia kuwa albamu yake ni nzuri.

Nilizunguka chini ya manyunyu kama saa moja na nusu. Nilimwangalia kila mwanamume mwenye nywele za kufunika masikio. Halafu, nikiwa nimejikinga mlangoni mwa duka lililofungwa, nilijaribu kuipanga sentensi yangu kwa Kiingereza nikaona ilivyo. Mtu amesema kwa miaka mingi kwamba kitu hiki si chake, nami nimepanda basi kuja kumwambia amekosea. Nikavuka barabara, nikangoja basi la kurudi.

Kwa hiyo usiende. Nyumbani kwa mtu si sehemu ya ushabiki, hata kama yuko atakayekuelekeza. Mwaka 2011 alipotokeza tena, alitangazwa kwa jina la uongo la kuchekesha, Lee Rude & The Velcro Underpants, na waliokuwa wamesimama karibu na jukwaa ndio waliofaidi. Hakuna maandalizi ya kitu kama hicho. Wakati unangoja, nenda kamwone Power anapopiga, lipa tiketi yako, na usimpigie kelele akupe nyimbo za La's. Akizipiga, amezipiga.

Jambo la mwisho ni la kifundi. Kama utarithi kaseti ya mtu, itakatika. Yangu ilikatika mwaka 2009, upande wa pili, katikati ya "Doledrum". Fungua skrubu tano kwa bisibisi ndogo, juu ya taulo ili zisipotee. Kata ncha mbili za utepe kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, uunge kwa upande wa ndani, ule usiogusa kichwa cha kusomea. Tumia utepe wa kunata uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi nilitumia ule wa karatasi za ofisini. Baada ya mwezi gundi ikayeyuka, ikapaka kichwa, na sauti ikawa kama inatoka ndani ya blanketi. Nilisafisha kwa spiriti na pamba, nikafungua, nikaunga upya.

Katika kuunga mara mbili nilipoteza kipande cha urefu wa kidole. Neno moja na nusu la Mavers halipo. Dereva nilipomwambia alishusha pumzi, akasema kila nakala anayoijua ina tundu lake mahali fulani. Nina wimbo huo kwenye CD sasa, mzima, safi. Ukifika pale, bado mguu wangu unasimama kupiga mdundo na kungoja ukatike.