Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandaa Chumba cha Mitambo Penye Baridi Kali

Fundi aliyejifunzia kazi Tanga, ambako chumba cha jenereta huachiwa matundu mapana ili upepo uondoe joto, akiitwa kuandaa chumba kama hicho Siberia au kaskazini mwa Kanada, hana budi abadili swali lake. Huku tunauliza joto litatokaje. Kule huulizwa hewa itaingiaje bila kugandisha mitambo. Wengi hudhani hita kubwa inatosha, na naamini makosa huanzia hapo.

Jenereta ikiwaka, feni ya rejeta huvuta hewa nyingi mno kutoka nje, na hewa hiyo ikiwa na nyuzi 40 chini ya sifuri, hita hushindwa upesi na mabomba ya maji yakaganda hatua chache tu kutoka kwenye injini ya moto. Kwa hiyo pawepo njia ya kurudisha sehemu ya hewa moto ya rejeta ichanganyike na ile inayoingia, na vilango vya hewa vifunguke kidogo kidogo kwa kufuata joto la chumba. Vikiganda vikiwa vimefungwa, injini hukosa hewa; vikibaki wazi baada ya injini kuzimwa, chumba hupoa. Mota zinazoendesha vilango hivyo zikae ndani, penye joto, na iamuliwe mapema umeme ukikatika springi itavifungua au itavifunga. Tundu la kuingizia hewa liwe juu kuliko theluji inavyoweza kurundikana, tena pana, ili hewa iingie polepole bila kubeba theluji hadi kwenye vichujio.

Kuziba kila mwanya si dawa. Betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa, hivyo chumba cha betri lazima kipumue hata siku ya baridi kali. Lakini pia betri hizo zikifika nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na takriban nusu ya uwezo wake, na iliyoisha chaji huganda ikapasuka. Zipewe joto na hewa kwa pamoja.

Dizeli nayo ikipoa sana hutoa nta ikaziba kichujio. Itafutwe dizeli ya majira ya baridi. Jambo hili si geni kwetu, kwani hata bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto kwa sababu ya nta.

Ukutani, utando wa kuzuia mvuke uwekwe upande wa ndani, la sivyo unyevu wa chumba utapenya na kugandia ndani ya sufi ya kuhifadhi joto.

Mwisho, kabla msimu haujakolea, hita izimwe makusudi fundi akiwapo, apime chumba kinachukua muda gani kukaribia sifuri, kisha aiwashe tena. Muda huo, ukipunguzwa kwa ajili ya usiku wa baridi zaidi, ndio atakaokuwa nao hita ikiharibika.