Namna ya kuwazoesha watazamaji wa sinema huru filamu za wasanii

Aliyezoea filamu zenye hadithi hazikimbii filamu na video za wasanii, yaani kazi za majaribio ambazo nyingi hazina hadithi, kwa sababu ni ngumu. Mara nyingi huinuka kitini kwa kuwa hakuna aliyemwambia zitachukua muda gani wala atazame nini.

Kwa hiyo usianze na usiku mzima wa kazi za majaribio. Watakuja walewale wanaozijua tayari. Weka kazi moja ya dakika 3 hadi 15 kabla ya filamu kuu ambayo watu wameshaikatia tiketi. A Colour Box ya Len Lye (1935), iliyopakwa rangi moja kwa moja juu ya ukanda wa filamu, haifiki dakika 5. Meshes of the Afternoon ya Maya Deren na Alexander Hammid (1943), ya dakika 14 hivi, inakaa vizuri mbele ya filamu yoyote ya mashaka. Unapozioanisha, tafuta kitu kinachoonekana kwa macho: rangi, mwendo, nyumba, uso. Mada peke yake haitoshi.

Utangulizi usizidi dakika 2. Taja urefu, namna kazi ilivyotengenezwa, na jambo moja la kuangalia. Maana yake waachie wenyewe. Kama haina sauti, sema wazi. Mothlight ya Stan Brakhage (1963) iko kimya tangu mwanzo hadi mwisho, na usipotoa taarifa utaona vichwa vikigeukia chumba cha projekta, watu wakidhani spika zimekufa. Kazi zenye mwanga wa kumetameta, kama The Flicker ya Tony Conrad (1966), zinaweza kuamsha kifafa: weka onyo kwenye tangazo na dirisha la tiketi, kisha lirudie ukumbini.

Nakala omba kwa wasambazaji kama LUX wa London, Light Cone wa Paris au Canyon Cinema wa San Francisco, wiki 6 kabla ikiwezekana. Uliza ada, aina ya nakala, uwiano wa picha (upana wake kwa kimo, kama 4:3) na kasi (fremu ngapi kwa sekunde). Kazi kuwepo kwenye intaneti si ruhusa ya kuionyesha hadharani.

Mambo huharibika zaidi kwenye projekta. Video ya 4:3 ikivutwa ijaze skrini, nyuso zinatanuka. Ndani ya fremu ya pikseli 1998 × 1080 inapaswa kubaki 1440 × 1080, na weusi pembeni. Video za zamani zenye mistari inayopokezana huonyesha kingo kama meno ya chanuo kila kitu kinapotembea, hivyo mistari hiyo iondolewe kabla DCP, faili la dijitali la kuonyeshea kwenye sinema, haijatengenezwa. Video ya fremu 25 kwa sekunde ikichezwa kwa 24, inachelewa kwa asilimia 4 na sauti inashuka. Filamu ya milimita 16 isiyo na sauti huenda ilikusudiwa fremu 18. Projekta yako ikijua 24 tu, omba nakala ya dijitali. Jaribu kila kazi ukumbini siku 2 kabla, yote, na uandike kiwango chake cha sauti, maana kiwango cha filamu kuu hakiifai kila kazi.

Baada ya onyesho, zungumza na watu pale nje ya ukumbi. Uliza "Umeona nini?" kuliko "Umeelewa?", swali linalomfunga mtu mdomo. Rudia kila mwezi, siku ileile. Wakishazoea, panga onyesho zima la dakika 60 hadi 70, kazi iliyo ndefu zaidi ikae katikati, na acha sekunde 10 za giza kati ya kazi na kazi.