Jinsi ya Kutengeneza Splita na Bawa la Gari la Michezo, Kuanzia Kwenye Bolti

Wengi huanza na picha. Mtu ameona gari lenye mdomo mrefu mbele na bawa pana nyuma, moyo umempenda, na siku hiyo hiyo anakata plaiwudi. Mimi pia nilianza hivyo. Splita, yaani ubao bapa unaochomoza mbele chini ya bampa, yangu ya kwanza niliifunga kwenye bampa kwa skrubu sita, nikaipaka rangi nyeusi, ikapendeza kweli. Siku nilipovuka kilomita 130 kwa saa, bampa lilivutwa chini kama droo inayofunguliwa, klipu za upande mmoja zikaachia, ncha ya splita ikaanza kusaga lami. Splita yenyewe ilifanya kazi yake barabara. Kilichoshindwa ni kilichoishika.

Tangu hapo kazi hii naifanya kinyumenyume: naanza na bolti, umbo linakuja baadaye. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, kwa gari litakalokimbizwa kwenye uwanja wa mbio. Kama lako linatembea barabara za umma, soma kwanza sheria zako kuhusu ncha zinazochomoza, taa na kibao cha namba, kabla hujanunua hata msasa.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo

Mita moja ya ujazo ya hewa karibu na usawa wa bahari ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Kupata msukumo wake, chukua nusu ya hiyo 1.2, zidisha kwa mwendo wako wa mita kwa sekunde, kisha zidisha tena kwa mwendo huo huo. Kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde, na jibu ni paskali 463, sawa na mzigo wa kilo 47 kwenye kila mita ya mraba. Ukifika 200 mzigo haujawa mara mbili, umekuwa mara nne: kilo 189.

Sasa weka vipimo vyako. Bawa la urefu wa mita 1.4 na upana wa sentimita 25 lina eneo la mita za mraba 0.35. Likiwa na kigezo cha mkandamizo (namba inayoonyesha bawa linageuza kiasi gani cha msukumo wa hewa kuwa mzigo wa kukandamiza) cha 1, ambacho bawa la kawaida hukifikia, kwenye kilomita 200 linakandamiza kwa kilo 66. Splita yenye upana wa mita 1.6 inayoingia chini ya gari sentimita 45 ina eneo la mita 0.7 za mraba na ushee, kwa hiyo mimi huihesabia kilo 130. Ni hesabu ya kujihami, lakini bolti hazijawahi kunilalamikia kwamba nimezipa kazi ndogo.

Bado kuna hesabu moja ambayo wengi huiruka. Bawa linakaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Kalia mwisho wa mkokoteni uone: nyuma panashuka, mbele panainuka. Tuseme bawa liko mita 0.8 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.5. Kilo 66 mara 0.8, gawa kwa 2.5, unapata 21. Yaani magurudumu ya nyuma yameongezewa kilo 87, na ya mbele yamepokonywa 21, tena katika mwendo ambao unauhitaji usukani kuliko wakati wowote. Ndiyo maana sifungi bawa pasipo splita.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Splita peke yake inaibana pua na kuacha mkia mwepesi, na mkia mwepesi kwenye kona ya kasi haukupi nafasi ya kujirekebisha. Audi TT ya kwanza, iliyotoka 1998, ilikuwa na mgongo laini usio na kitu. Baada ya ajali za mwendo wa kasi, magari yale yaliitwa kurudishwa, yakafungwa spoila ndogo kwenye buti pamoja na marekebisho ya sespensheni. Ukiitazama ile spoila unaweza kuidharau.

Hatua ya 2: Tafuta chuma cha kushikilia

Vua bampa. Nyuma yake utakuta boriti ya kupokea ajali, na chini zaidi fremu inayobeba injini na sespensheni. Unachotafuta ni matundu yaliyokuwepo tayari kwenye fremu hiyo. Boriti ya ajali usiitoboe, imepangiwa kukunjika kwa namna yake. Bampa lenyewe ni plastiki tu. Lichukulie kama pazia.

Kwa splita naweka mabano mawili ya chuma cha milimita 3 upande wa ndani na fito nne upande wa mbele, zenye nyuzi za skrubu kila ncha ili niweze kurekebisha usawa. Bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8), daraja la nguvu 8.8, nati za kujifunga, na washa pana kila inapokutana na mbao. Rejeta isizibwe, na rada au vihisi vya kuegeshea visifunikwe. Kaboni inaziba mawimbi ya rada, kwa hiyo pua nzuri ya kaboni inaweza kuzima breki za dharura za gari lako.

Bawa nalo miguu yake iende kwenye chasisi, au angalau ipite kwenye sahani ya chuma chini ya mfuniko wa buti. Bati la buti halifiki milimita moja. Mwaka 1969, kwenye mbio za Formula One huko Montjuïc, Barcelona, magari ya Lotus ya madereva Graham Hill na Jochen Rindt zilivunjikiwa mabawa katika mbio moja, na wote wawili wakagonga. Kwenye mbio zilizofuata, za Monaco, mabawa yale ya juu yalipigwa marufuku. Wale walikuwa mafundi bora duniani, kwa hiyo mimi na wewe tuongeze washa.

Hatua ya 3: Kadibodi kwanza

Kata umbo lote kwa kadibodi ngumu, libandike kwa tepu, kisha fanya mambo matatu: zungusha usukani hadi mwisho pande zote, bonyeza pua ya gari kwa nguvu za watu wawili, na pandisha gari kwenye mteremko wa kuingilia gereji. Palipokwaruzwa, punguza. Mimi huacha splita ichomoze mbele ya bampa sentimita 5 hadi 7, na ibaki sentimita 8 hadi 10 juu ya ardhi. Ikichomoza zaidi faida inaongezeka kidogo na balaa linaongezeka sana.

Hatua ya 4: Tengeneza

Splita ni plaiwudi ya milimita 12, basi. Watu hunicheka, lakini mbao ni nyepesi, inakatika vizuri, na ikigonga inavunjika yenyewe badala ya kupinda fremu. Viringisha ukingo wake wa mbele upande wa chini, maana hewa inayokutana na kona kali inabanduka na kuacha kuvuta. Ipake rangi ya kuzuia maji, pamoja na ndani ya matundu.

Ukuta wima unaounganisha splita na bampa ndio unaotaka faibaglasi. Chonga mfano wake kwa povu la poliyurethane. Kama una lile povu jeupe la vifungashio, liweke mbali: resini ya poliyesta inaliyeyusha mbele ya macho yako. Mimi ilinigharimu jioni nzima. Nilirudi nikakuta ganda lenye shimo. Lainisha mfano kwa fila na msasa wa 120, 240, kisha 400, paka nta mara tano, halafu PVA (kimiminika kinachokauka na kuacha utando mwembamba) ili kalibu iachie. Juu yake paka jelikoti, resini nzito ya tabaka la nje, nusu milimita.

Kisha subiri. Gusa jelikoti kwa kidole: kikinata lakini kikatoka safi, anza kulaza mkeka wa faibaglasi. Kikitoka na rangi, ni mapema, resini itaikunja. Tumia mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba, tabaka tatu, utapata unene wa karibu milimita 3. Uzito wa resini uwe mara mbili hadi mbili na nusu ya mkeka. Pitisha rola mpaka weupe wote uishe, kwa sababu panapobaki peupe pana hewa, na hapo ndipo patapasuka. Kalibu ikikauka, itoe kwenye mfano, ipake nta nayo, na urudie kazi ile ile ndani yake.

Hadina, dawa ya kugandisha resini, ni asilimia 1 hadi 2 ya resini. Changanya kidogo kidogo; ndoo iliyojaa inajichemsha na kutoa moshi. Hadina ya poliyesta inapofua macho, kwa hiyo miwani ni lazima. Na kama resini yako inahitaji kichocheo cha kobalti, koroga kobalti kwenye resini kwanza, hadina baadaye. Viwili hivyo vikikutana vyenyewe vinalipuka.

Bawa? Nunua lililo tayari. Kosa dogo kwenye mgongo wa chini wa bawa huoni kwa macho, ila hewa inaliona. Miguu yake ndiyo utengeneze mwenyewe, kwa sahani ya alumini ya milimita 6 hadi 8. Ikiwa bawa ni la kaboni, weka kitenganishi cha plastiki kati yake na alumini, la sivyo alumini italiwa na kutu ya umeme.

Hatua ya 5: Funga, halafu panda juu

Ukishakaza kila kitu, simama juu ya splita. Kilo 130 ni watu wawili wembamba au mmoja aliyeshiba. Ikinesa zaidi ya milimita chache, ongeza fito. Bawa lining'inizie mifuko ya mchanga ya kilo 70 na uiache nusu saa, kisha kagua nyufa kwenye miguu. Jaribio ambalo hukulifanya gereji utalifanya kwenye kona.

Hatua ya 6: Uzi wa sufi

Kata nyuzi za sufi za sentimita 10, zibandike kwa tepu kwenye boneti, ubavuni, na hasa chini ya bawa, maana hewa huanza kuachia huko. Mwombe mwenzako akupige video kutoka gari la pembeni. Uzi uliolala ukitazama nyuma unasema hewa imeshika. Unaotikisika na kugeuka mbele unasema imeachia.

Anza na bawa kwenye pembe ya nyuzi 3, panda nyuzi 2 kila jaribio. Usishangae katikati na kwenye ncha kutofautiana: hewa inayotoka juu ya paa inashuka, kwa hiyo pembe unayoipima kwa kifaa siyo pembe inayoionja hewa. Nyuzi za sufi zilizo chini ya bawa zikianza kucheza, rudi hatua moja. Ukitaka mkandamizo zaidi bila kuongeza pembe, funga kipande cha alumini chenye umbo la L kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, kimesimama milimita 5 hadi 10. Ni ujanja wa dereva wa mbio Dan Gurney wa mwaka 1971, na hadi leo sijaona senti inayofanya kazi kuliko hiyo.

Mwisho ni usawa wa mbele na nyuma. Kwenye kona za taratibu aero, yaani nguvu ya hewa, haipo, kwa hiyo hapo unapima tairi na springi tu. Nenda kona za kasi. Pua ikikataa kuingia, punguza bawa kwanza, usikimbilie kurefusha splita. Mkia ukitaka kutangulia, ongeza bawa nyuzi moja, hata kama mwendo wa juu utapungua. Chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kila nati hadi kwenye chuma chake, na kila unaporudi kutoka uwanjani piga magoti na tochi: mstari uliokatika ni nati iliyoanza kulegea.